Vitabu kwa rangi: nilivyoipanga maktaba ya kijiji chetu

Kila mtu alikuwa na ushauri. "Mwalimu, weka kufuli." "Mwalimu, msomaji asiguse kabati, akuandikie anachotaka, wewe umtolee." Mmoja alitaka hata mlango wa nondo. Maktaba yenyewe ilikuwa ghala la mbolea, hapa Mufindi, na vitabu vyake vilikuja na masanduku ya msaada. Ningewasikiliza, wasomaji wangu wangekuwa panya.

Jibu nililipata kwa Mhindi aliyefariki mwaka 1972, S. R. Ranganathan. Kilichonivutia ni kwamba naye alikuwa mwalimu wa hesabu. Mwaka 1924 alitoka kufundisha Presidency College, akawa mkutubi wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Madras. Upweke ukamchosha mapema, akaomba arudishwe darasani. Wakubwa wakamwambia aende kwanza London akasomee ukutubi. Akirudi na bado hataki, watamrudisha. Alirudi 1925, darasa amelisahau, akafungua rafu ili watu wajichukulie vitabu wenyewe. Mwaka 1931 akachapisha kanuni zake tano, na ya kwanza inasema vitabu ni vya kutumiwa. Hiyo niliiandika kwa chaki mlangoni, pale pale walipotaka kufuli.

Rafu nilizipiga kwa mabanzi ya paini. Msitu wa Sao Hill ni jirani, kwa hiyo gari la kuyaleta lilinila zaidi kuliko mabanzi yenyewe.

Kazi ikawa kupanga. Nilianza na namba za Dewey, yule Mmarekani aliyetoa mwaka 1876 mfumo wa kuipa kila mada namba yake, maana ndizo nilizoziona maktaba za mjini. Nikabandika vikaratasi kwa mbwembwe zote. Akaingia bibi mmoja.

"Kamwene, mwalimu. Nataka cha kuku."

Nikamjibu kiprofesa: "Tazama 636.5, bibi."

Akanikodolea macho. "Elfu sita? Kwani unaniuzia na kuku mwenyewe?"

Nikamwapia kwamba si bei. Akavaa miwani, akapita rafu nzima kwa kidole, polepole, huku foleni ya watoto ikirefuka nyuma yake. Mwisho akachomoa kitabu cha magonjwa ya macho, 617.7. "Sita ipo, na nukta ipo," akasema, akakifunga kwenye kitenge na kuondoka. Ningemzuia vipi, mtu mzima vile?

Nikarudi kwa Ranganathan. Akiwa London aliona katika duka la Selfridges mchezo wa watoto uitwao Meccano: vipande vya chuma vyenye matundu, skrubu na nati. Vipande vile vile, mtoto anaunda hiki leo na kingine kesho. Akawaza kwamba hata mada ya kitabu inaweza kuungwa kwa vipande, badala ya kulazimishwa kuingia kwenye namba iliyokwisha andaliwa. Kati ya vipande akaweka nukta pacha, na mfumo wake, Colon Classification, ukatoka 1933.

Mimi nikaunga kwa rangi. Kijani kilimo, kahawia mifugo, njano biashara, nyekundu afya, bluu hadithi. Kitabu cha kuuza parachichi kina mistari miwili mgongoni, kijani juu na njano chini. Magonjwa ya ng'ombe: kahawia juu, nyekundu chini. Rangi ya juu ndiyo inayosema kitabu kinakaa rafu gani. Rangi niliomba makopo yaliyobaki kwa fundi, brashi nikanunua Mafinga. Yote kama elfu ishirini hivi.

Bibi akaja kurudisha macho yake. Nikamweleza rangi, hakunisubiri nimalize: akaenda kwenye kahawia, akatafuta yenye njano, akaondoka na ufugaji wa kuku wa biashara. Siku hizi yeye ndiye anayewaelekeza wageni, tena kwa sauti kubwa kuliko yangu. Ile kanuni ya nne, okoa muda wa msomaji, ameielewa kunishinda.

Na wizi waliotabiri? Vimepotea vichache. Panya walikula vingi zaidi vikiwa bado kwenye masanduku.

Ukitaka kujaribu, tumia rangi ya mafuta. Ya maji, kwa ukungu wetu wa Juni na Julai, inachuruzika. Na uache nafasi mwisho wa kila rafu, maana kanuni ya tano inasema maktaba ni kiumbe kinachokua. Kijani changu kimeshafika dirishani na fundi wa mabanzi amehamia Makambako, kwa hiyo kilimo kimekalia benchi la wasomaji, wasomaji wamekalia ndoo.