Tarakimu mbili zilizonikesha

Ilikuwa tarehe 14 Machi 2019, usiku, tarehe naikumbuka vizuri maana ndo yenyewe iliyoniponza. Mi ndo nilikuwa naangalia seva ya DNS ya kazini (ile inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake, yaani IP), programu ya BIND juu ya Linux, na kazi ilikuwa ndogo tu: kuongeza seva ya majina ya tatu kwenye faili la zoni (lenye orodha ya majina na anwani zetu), afu kubadilisha IP ya tovuti maana ilikuwa inahamishwa. Nikajiambia dakika kumi, nilale.

Nikaandika mstari wa NS (unaotaja seva ya majina), nikasevu, na badala ya kupakia upya zoni kistaarabu nikazima programu nzima nikawasha. Nikauliza kwa dig, programu ya kuiuliza DNS, jibu SERVFAIL, yaani seva imeshindwa. Domeini nzima imekufa upande wangu. Kufungua logi nakuta inalalamika kwamba ns3.example.com.example.com haina rekodi ya anwani (hiyo example.com naiweka badala ya jina letu), na chini yake kwamba zoni haikupakiwa kwa sababu ya makosa.

Nukta bwana. Jina lisiloishia na nukta BIND inaliona halijakamilika, kwa hiyo inalibandikia jina la zoni kwa nyuma, ndo maana likajirudia mara mbili. Na hili nilikuwa nalijua, nimeshawafundisha watu! Ningeipitisha named-checkzone, programu ya kukagua faili la zoni, kabla ya kuzima ingeniambia kwa sekunde moja, na ningepakia upya tu bila kuzima, zoni ya zamani ingeendelea kujibu. Basi nikatia nukta, nikapandisha siriali (namba ya toleo la zoni) haraka haraka huku simu inaita pembeni, nikawasha, ikakubali. Nikashusha pumzi.

Nikaenda kwenye ile IP ya tovuti. Sasa nimefungua faili, macho yanatua kwenye siriali: 2091031402. Siyo 2019, ni 2091. Siriali zetu zilikuwa mwaka, mwezi, siku, halafu namba mbili za mabadiliko ya siku hiyo, na mi nimegeuza tarakimu mbili tu nikajikuta miaka 72 mbele. Nikajiona mjanja kuliona mapema, nikairudisha 2019031403, nikabadilisha na IP, nikapakia upya, dig ikanipa IP mpya, nikafunga laptopu.

Bosi akapiga kama nusu saa baadaye. Anasema tovuti kwake inafunguka, kwa mke wake haifunguki, na wamekaa kochi moja. Hilo la kochi lilinichanganya kweli, nikaanza kufikiria keshi, nikafikiria TTL yetu (muda jibu linaokaa kwenye keshi) ya saa moja, nikamwambia zima washa simu (samahani bosi). Mpaka nilipoacha kuiuliza seva yangu peke yake nikaziuliza zote moja moja SOA, rekodi yenye siriali, ndo nikaona: yangu inasema 2019031403, ya pili na ya tatu bado zimeng'ang'ania 2091031402 na IP ya zamani. Zilishaichukua ile namba ya ajabu kabla sijairekebisha, na seva ya pembeni, inayonakili zoni kutoka kwangu, kazi yake ni kulinganisha siriali, ikiona ya kwako ni ndogo kuliko yake haichukui kitu, inajua wewe ndo umepitwa na wakati. Anayeangukia kwangu anapata mpya, anayeangukia kwao anapata ya zamani. Na kwenye logi yangu mstari ulikuwepo muda wote, siriali imerudi nyuma, sikuusoma kwa sababu zoni ilipakiwa.

Ile ya tatu ilikuwa mkononi mwangu, nikafuta faili lake ikachukua upya, kwisha. Ya pili ilikuwa kwa jamaa wa kampuni nyingine na jamaa amelala, simu haipokelewi.

Ikabidi nikumbuke hesabu ya RFC 1982, waraka wa kanuni za intaneti wa mwaka 1996. Siriali ni namba ya biti 32, inaishia 4294967295, na inazunguka kama saa ya ukutani: unaruhusiwa kuisogeza mbele isizidi 2147483647 kwa mkupuo mmoja, ikihesabika kwamba umekwenda mbele. Kwa hiyo nikachukua 2091031402 nikajumlisha 2147483647, nikapata 4238515049, nikahesabu mara tatu kwenye karatasi kwa sababu kwa usiku ule sikujiamini tena na tarakimu. Nikaiweka, nikapakia upya, logi ikapiga kelele tena kwamba nimerudi nyuma, moyo ukaruka, halafu nikakumbuka kwa seva yangu kutoka 2019031403 ni kweli ni nyuma, ila kwa ya pili kutoka 2091 ni mbele. Sekunde chache nikauliza SOA ya pili: 4238515049. Nikaweka 2019031501, maana saa sita ilishapita, na kutoka kule juu hiyo nayo inahesabika mbele. Zote tatu zikasema namba moja. Sikulala mpaka nimeuliza mara kumi.

Asubuhi jamaa wa seva ya pili kaamka, kaona simu zangu, kafungua logi yake kwanza. Meseji yake: "Mkuu, hii 4238515049 ni siriali au namba ya simu ya mtu?"

Nikamjibu, nitakuelezea nikiamka.