Mbalamwezi ndiyo iliyokuwa inanimaliza

Mimi ni fundi wa injini za boti, Kirumba jijini Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Wanaojua dagaa wanaijua kalenda yetu. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukishapevuka taa hazivuti kitu, boti zinapumzika siku kadhaa. Siku hizohizo matajiri wanaleta injini zitengenezwe na mabaharia wanagawana hesabu. Yaani mimi napata pesa wakati uleule wenzangu wa kunywa wanapata nafasi. Viroba, ile pombe kali ya vipakiti, vilipopigwa marufuku mwaka 2017 nilidhani nimepona. Nikahamia gongo, pombe kali ya kupikwa kienyeji.

Kilichonishtua ni mikono. Ilifika mahali asubuhi siwezi kufunga skrubu ya kabureta mpaka nipate kimoja. Nikaamua kuacha kimyakimya, mwenyewe. Siku ya pili nilikuwa nalowa jasho, natetemeka, nasikia watu wananiita kutoka ziwani. Mke wangu akanipakia kwenye bajaji hadi hospitali. Nesi mmoja wa makamo alinikaripia: "Baba, mtu aliyekunywa kila siku miaka yote hiyo haachi ghafla nyumbani. Unaweza kuanguka kifafa ukafa." Nikalazwa, nikapewa dawa za kutuliza walizokuwa wanapunguza siku hadi siku, na vitamini B1. Kama na wewe huamki bila kunywa, anzia hospitali kwanza, kikundi cha walevi wanaoacha pombe baadaye.

Siku ya kuruhusiwa nikamuuliza yule nesi, sasa mwezi ukipevuka tena nifanyeje? Akachana karatasi, akaandika jina la kanisa na "Jumamosi saa 10 jioni". Akasema, "Nenda tu, hawaandikishi mtu. Wala si lazima usali pale."

Jumamosi ya kwanza nilimwambia wa bodaboda apitilize. Ya pili nilifika, nikasimama chini ya mwembe najifanya naongea na simu. Mzee mmoja akatokea amekumbatia viti vya plastiki. "Kijana, hebu nishikie hivi viwili." Nikamshikia. Mlangoni nikatafuta pa kuviweka, nikavipanga, na kwa kuwa nilishavipanga nikakikalia kimoja.

Tulikuwa 9, wawili wanawake. Chupa ya chai, karanga kwenye sahani. Kikapu kinapita, mwenye nacho anatia, asiye nacho anampa jirani. Halafu kila mmoja anajitaja: naitwa fulani, ni mlevi.

Hapo ndipo niliponata. Hospitali waliandika "uraibu wa pombe", maneno yaliyovaa tai. Mlevi ni lile jina ambalo watoto wa mtaani kwetu walikuwa wananirushia na mawe juu yake, binti yangu akiwa anasikia. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Mimi ni fundi." Wakacheka. "Karibu fundi." Ilinichukua mikutano mitano kulitamka, na aliyenisaidia ni mama mmoja, Mayu tunamwita, ambaye miaka ya nyuma alikuwa akipika gongo mwenyewe. Aliniuliza, "Ukishajiita wewe, wao watabaki na lipi la kukuita?"

Mkutano wa pili mlango ulifunguka, akaingia tajiri wa boti ambaye ana deni langu la plagi na pampu ya mafuta. Tukatazamana. Yanayosemwa mle hayatoki, na hata kumwona mtu mle ni katika hayo yasiyotoka. Hapa nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane. Nikanywa chai yangu.

Yule mzee wa viti ndiye aliyenipa namba yake. Na alinipa hadithi: mwaka 1935, Bill Wilson, mtu wa New York, alikwama mji wa Akron huko Marekani, biashara imemharibikia, yuko hotelini anasikia kelele za baa. Badala ya kuingia akaenda kwenye simu, akapiga kwa watu wa makanisa mpaka akaelekezwa kwa mlevi mwenzake wa kuongea naye, daktari aliyeitwa Bob Smith. Mikutano ya namna hii ilianzia kwa wawili hao. "Kumbe ni simu tu," nikasema. "Ni simu tu," akasema, "ila upige kabla, siyo baada."

Mbalamwezi ya kwanza nilipiga. Nina pesa mfukoni, vijana wananiita kwa jina. Mzee hakunihubiria. Aliniuliza bei ya sangara, akalalamikia bei ya sangara, akanisimulia sangara mmoja wa zamani ambaye kwa kweli alikuwa anakua kila dakika, mpaka nikajikuta mlangoni kwangu.

Siku hizi ukifika mwezi mpevu wateja wanamtumia mke wangu malipo kwa simu, na jioni tunakaa watu watatu wanne wa kikundi mahali penye upepo, hata kama si Jumamosi. Niliteleza mara moja, mwezi wa nne, kwenye msiba wa shemeji. Nikarudi Jumamosi iliyofuata nikitegemea kusemwa. Mayu akanimiminia chai, akasema nianze kuhesabu upya.

Sasa ni miezi 14. Yule tajiri yuko mbele yangu kwa miezi miwili, na anapenda kunikumbusha. Pesa ya pampu hajanilipa.