Nilivyopima delta ya Rufiji kutoka angani bila kutandaza alama kwenye mikoko

Kazi ilikuwa kuchora ramani ya mashamba ya mpunga yanayopakana na mikoko, upande wa kaskazini wa delta ya Rufiji, ili wakulima wajue maji ya chumvi yanapandia wapi. Kwa njia tuliyofundishwa chuoni, ningetandaza alama nyeupe za kuonekana kwenye picha shamba zima, nizipime moja moja, ndipo nirushe droni. Nahodha aliyetuvusha alinisikiliza, kisha akanyoosha kidole. "Pale, mwanangu, ukikanyaga unazama mpaka mapajani. Na maji yakijaa, alama yako huikuti."

Nikaamua vipimo vidhibitiwe kutoka juu, kwa mawimbi ya redio. Wazo lenyewe ni la zamani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Kanada ilipima maeneo yake ya kaskazini kwa mfumo wa Shoran: ndege inatuma mawimbi kwa vituo viwili vya ardhini, vinajibu, na muda wa kwenda na kurudi unageuzwa kuwa umbali. Mmarekani Carl Aslakson alipolinganisha umbali wa namna hiyo na mistari iliyokwisha kupimwa ardhini, hesabu zilikataa. Mwaka 1949 akaonyesha kwamba kasi ya mwanga, ambayo ndiyo pia ya mawimbi ya redio, iliyokuwa ikitumika, kilometa 299,776 kwa sekunde, ilikuwa pungufu kwa takribani kilometa 16. Namheshimu sana kwa hilo. Hakuzilazimisha hesabu zikubali.

Siku hizi vituo viko angani, kwenye setilaiti za GPS zilizo takribani kilometa 20,200 juu yetu. Kipokezi cha droni hupima muda wa wimbi kufika, kisha hulifuatilia wimbi lenyewe, lenye urefu wa sentimita 19 tu. Lakini kikiwa peke yake hakiwezi kuyaondoa makosa ya saa na ya anga. Kwa hiyo nilisimika kipokezi cha pili, yaani besi, kwenye ardhi ngumu pale Nyamisati, kikarekodi setilaiti zilezile kwa wakati uleule. Wakati wa kuchakata, makosa yanayofanana yanafutana. Besi niliiwasha mapema kabla ya kuruka, nikaiacha ikirekodi hata baada ya kutua. Na niliruka asubuhi tu: huku kwetu ionosfia, tabaka la juu la anga linalochelewesha mawimbi, huzidi kuvurugika siku inavyosonga, hasa jua likishazama.

Kilichotaka uangalifu kuliko vyote ni kamera. Droni ikienda mita 15 kwa sekunde, muda wa picha ukikosewa kwa sehemu moja tu ya mia ya sekunde, nafasi yake imehama sentimita 15. Ndiyo maana nilichagua droni ambayo kipokezi chake chenyewe huandika muda kila kamera inapofyatua. Halafu kuna umbali kati ya antena, ambayo ndiyo nafasi yake inayopimwa, na lenzi inayopiga picha. Niliupima kwa rula droni ikiwa mezani, juu-chini na mbele-nyuma, nikaujaza kwenye programu. Wengi huuruka, na mimi naona hapo ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia.

Kimo nacho kina mambo yake. Ukisimama ufukweni huku, kipokezi kinakupa kimo hasi, zaidi ya mita 20 chini ya sifuri, kwa sababu kinahesabu kutoka umbo la kihesabu la dunia, si usawa wa bahari. Nilitumia modeli ya jioidi, yaani umbo la dunia linalofuata usawa wa bahari, kisha nikaoanisha na bikoni, nguzo ya wapimaji ambayo kimo chake kinajulikana.

Alama za ardhini sikuziacha kabisa. Nilichora misalaba michache ya chokaa kwenye matuta magumu na kando ya njia ya kijiji, nikaipima, ila programu sikuipa vipimo vyake mpaka ramani ilipokamilika. Ndipo nikalinganisha. Kwa mlalo tofauti zilikuwa sentimita chache; kwa wima zilikaribia mara mbili yake. Kwa shamba tambarare kama lile, hiyo ilitosha kuonyesha tuta lipi maji ya bamvua yanalivuka na lipi linayazuia, na wakulima wakaanza kupanga waanze kuinua lipi.