Chuma cha bibi na vitumbua vya Jumapili

Bibi yangu mzaa mama alipofariki, wenzangu waligawana khanga na vyombo vyake. Mimi mama mdogo alinikabidhi chuma cha vitumbua, kimefungwa gazeti na kamba ya katani. "Chukua hiki," akaniambia, "wewe ndiye uliyekuwa hubanduki jikoni kwake." Kweli tupu. Likizo zote za shule ya msingi nilizimalizia Tanga, nimekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nangoja vilivyoungua. Vizima vilikuwa vya kuuza, vilivyoungua vilikuwa vyangu.

Nikapanda nacho basi hadi Dar es Salaam. Kizito kama jiwe, matundu saba, cheusi tii. Nilipokifungua nyumbani nikakiona kichafu. Basi Jumamosi nzima nikakaa uani na stiliwaya, sabuni ya unga na mchanga kidogo, nikasugua mpaka vidole vikachubuka. Kufika jioni kinang'aa kama kimetoka dukani. Nikamwita mke wangu aje aone. Akaona, akanyamaza, akarudi ndani. Huyu ni mtu wa Pwani, na kunyamaza kwake kuna maana zake, ila siku ile sikuzitafuta.

Jumapili nikaingia jikoni kwa kujiamini. Mchele niliuloweka saa mbili tu, nikaupiga kwenye blenda na tui nililolitoa motoni muda huo huo, nikatia sukari na hamira. Ukakaa, haukuumuka hata kidogo. Nikasema potelea mbali, nikakaanga hivyo hivyo. Kitumbua cha kwanza kikashika tunduni. Nikachokoa kwa kijiko, kikatoka nusu, nusu ikabaki. Cha pili vile vile. Watu husema kitumbua kimeingia mchanga. Changu mchanga ungekikuta wapi, wakati hata kutoka kwenye chuma kimekataa? Asubuhi ile watoto walikula makombo ya kukwangua, na mdogo wao akauliza kama huo ni ugali wa sukari.

Jumapili iliyofuata nikaongeza mafuta. Vikanata vile vile, safari hii vikiwa vimelowa mafuta chapachapa. Ya tatu nikahamia kwenye gesi nikidhani tatizo ni mkaa. Gesi ikaunguza tundu la kati, yale sita ya pembeni yakabaki mabichi. Nilikaribia kukirudisha chuma kwenye gazeti lake.

Kwenye kona ya mtaa wetu kuna mama anayeuza vitumbua tangu kabla sisi hatujahamia. Nikamfuata asubuhi moja kabla ya kazi, chuma nimekitia kwenye mfuko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Leo nikufungie vingapi?"

"Leo nimekuja kuuliza."

Akakitoa chuma mfukoni, akakigeuza, akapitisha kidole gumba ndani ya tundu moja. "Nani kakisugua hivi?"

"Mimi, mama."

Alicheka mpaka upawa akauweka chini. Wateja wakageuka kunitazama. "Baba wewe, umekivua nguo chuma cha watu! Ule weusi ulidhani ni masizi? Yale ni mafuta ya miaka na miaka."

Akanieleza huku akiendelea kugeuza vyake bila kuvitazama. Mafuta yakipata moto mkali juu ya chuma, tena na tena, hugandamana nacho na kuwa ngozi nyembamba ngumu, na ngozi hiyo ndiyo inayokiachia kitumbua. Bibi yangu alikuwa ameijenga kwa miaka yote niliyomjua, mimi nikaing'oa kwa Jumamosi moja. Dawa yake ni kuijenga upya: chuma kikauke kabisa juu ya makaa, upake mafuta kidogo sana kwa kitambaa, yaani upake kisha ufute kama vile umejuta kupaka, uache kifuke moshi, ukiepue kipoe, urudie. Na sabuni nisikikaribishe tena maisha yangu.

Nilifanya hivyo jioni saba mfululizo. Nikitoka kazini nawasha jiko uani, naweka chuma, naketi kwenye kigoda na redio. Karibu na mlango wa jikoni nina ndoo iliyopasuka ambayo nimepanda mchaichai. Nakata majani mawili matatu, nayafunga fundo, natia kwenye birika pembeni ya jiko lile lile. Kazini kwangu ni kuhesabu mizigo inayoingia na kutoka stoo, na siku nzima mtu ananiharakisha. Hapa hakuna wa kuniharakisha, maana chuma hakiharakishwi. Siku ya kwanza kiligeuka rangi ya kahawa, tena kwa mabaka. Siku ya nne kikawa kama asali iliyoungua. Siku ya saba nikadondosha tone la maji, likakimbia huku na huku ndani ya tundu halikushika popote. Nikampigia kelele mke wangu, na safari hii hakunyamaza. Alisema, "Haya, kesho tutaona."

Unga nao nilikuwa nimeshajifunza, mama wa kona hakunibania. Mchele vikombe viwili, unalowekwa usiku kucha mpaka punje ukiibana kwa kucha inapondeka. Mchele usiolowa vizuri hutoa chenga, hata blenda iwe kali namna gani. Asubuhi unachuja maji, unasaga na tui zito kikombe kimoja na kidogo. Tui liwe vuguvugu tu: kumbe mara ya kwanza niliiua hamira kwa tui la moto. Unatia hamira kijiko kidogo, sukari nusu kikombe, iliki uliyotwanga mwenyewe, na unga wa ngano vijiko viwili vya kushikisha. Kwa joto la Dar, saa moja inatosha kuumuka. Ukiuacha ukapitiliza unachacha na kuwa mwepesi, vitumbua vinalala kama chapati.

Asubuhi ile niliamka saa kumi na moja na nusu. Makaa nikayatandaza, sikuyarundika, ili matundu yote yapate moto sawasawa. Mafuta kijiko kidogo kila tundu. Nikamimina upawa wa kwanza, ukalia *chwaaa*, pembeni pakaanza kuchora duara la kahawia na juu vikatokea vitundu vidogo vidogo. Nikachukua kijiti cha mshikaki, nikakipitisha ukingoni taratibu huku moyo unadunda. Kitumbua kikazunguka chenyewe ndani ya tundu lake! Nikakipindua, tumbo lake likatazama juu, la rangi ya dhahabu, halina kovu. Nilisimama nacho pale kijitini muda mrefu kuliko inavyofaa mtu mzima.

Mfanyakazi mwenzangu aliniambia kuwa kusini mwa India wana paniyaram na Wahausa wa Nigeria wana masa, navyo hukaangwa kwenye vyuma vyenye matundu kama hiki. Sijui kama na kwao kuna mjinga aliyewahi kukisugua.

Nilimpelekea mama wa kona sahani ya vitano, nimefunika na kawa. Akala kimoja bila kusema kitu, akachukua cha pili, akakigawa katikati, akachungulia ndani. "Iliki umemwaga kama iliyookotwa. Sukari umeibania." Akamalizia cha pili. "Ila vimeachia vizuri." Sahani hakunirudishia siku ile, aliirudisha kesho yake na vya kwake vitano, ili nionje tofauti. Tofauti ipo, tena kubwa.

Sasa ni Jumapili zote. Jumamosi usiku kabla ya kulala naloweka mchele, na ule mlio wa punje zikimwagikia bakulini umekuwa ndio mwisho wa wiki yangu. Cha kwanza bado kinaungua kila mara, kwa sababu chuma kinakuwa hakijatulia na mimi sijatulia. Hicho hakifiki mezani. Nakila mwenyewe pale pale uani, nimesimama, kabla mtu yeyote hajaamka.