Magharibi Zile za Ramadhani

Juzi nilifungua pakiti ya karafuu za pilau, na kabla sijazitia sufuriani nikamkumbuka Baba na Ramadhani ya mwaka 2002. Wanaomjua Baba wa leo, ambaye hata moshi wa udi humkera, hawataamini. Alianza kuvuta sigara kabla sijazaliwa. Sisi wanawe wote tumepitia umri wa kutumwa dukani: "Kaniletee mbili na kiberiti." Mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, sigara ziliuzwa moja moja, na mwenye duka hakumuuliza mtoto anampelekea nani.

Mwezi wa Shabani ule kifua kilimbana. Akapigwa picha, akaambiwa la kuambiwa. Yeye hakutusimulia, tulizipata habari kwa Mama. Mwezi ulipoandama ndipo alipogusa mfuko wa shati, mahali pa sigara zake, mbele yetu akasema, "Mwaka huu nafunga na hii vilevile." Basi.

Mchana haukumpa tabu sana. Wavutaji wengi wa kwetu watakwambia hivyo: mtu akishatia nia, hamu ya sigara hukaa kifungoni pamoja na njaa na kiu. Kazi iko magharibi. Miaka yote Baba alifuturu kwa tende na funda la maji, kisha kabla hajagusa uji anatoka uani na sigara yake. Ile ya kwanza, baada ya kutwa nzima bila kitu, mwenyewe alisema ndiyo inayozungusha kichwa.

Siku za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote, maana mwili unadai nikotini uliyoizoea. Jioni moja katika hizo, adhana ikalia, akala tende, akanywa maji, mkono ukaenda wenyewe mfukoni. Mfuko ulikuwa mtupu. Mkono ukabaki palepale kifuani. Sisi jamvini tukainamia bakuli zetu za uji wa pilipili manga kana kwamba hatujaona. Akainuka, akatoka.

Mama akanitia karafuu mkononi. "Mfuate baba yako. Usimwambie kitu."

Nilimkuta amesimama karibu na mpera, ameshika tawi. Jirani naye alikuwa amefuturu, na moshi wa sigara yake ulikuwa unapita juu ya ukuta, unakuja moja kwa moja kwetu. Baba alifumba macho. Vidole vilikuwa vinatetemeka, vidole vya mtu niliyemwona akibeba magunia bandarini bila kuomba msaada. Nilikuwa kidato cha tatu. Ningemwambiaje baba yangu "usivute"? Ningeanzia wapi? Nikanyoosha kiganja. Akachukua karafuu mbili, akazitafuna.

"Zinaunguza," akasema.

"Ndiyo, Baba."

Tukanyamaza. Kisha akauliza, bado kafumba macho, "Leo mmesoma nini?"

Tulikuwa tumesoma Bonde la Ufa. Nikaanza kueleza, na kwa hofu ya kunyamaza nikaeleza yote: ardhi ilivyopasuka, mlima Ol Doinyo Lengai unavyolipuka, Ziwa Natron lilivyojaa magadi.

"Magadi haya haya ya kulainishia maharage?"

"Haya haya, Baba."

"Na samaki wanaishije humo?"

Nikamwambia kuna samaki wadogo wanaostahimili, na heroe, ndege wekundu wenye miguu mirefu, wanaotaga pale kwa maelfu. Akauliza tena, nikajibu. Moshi ulikuwa umeshakwisha, sijui lini. Akashusha pumzi ndefu, akaliachia tawi.

"Imepita. Twende tukaswali, magharibi haina muda."

Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba hamu kali ya sigara aghalabu hupoa ndani ya dakika chache, ukiweza kuivuka. Sisi hatukujua. Tuliendelea tu, mwezi mzima, mimi na yeye chini ya mpera. Jiografia ilipokwisha nikaazima daftari la historia la kaka. Alikuwa mkali mwezi ule, chumvi ikipungua anagomba, na Mama alivumilia mengi ambayo sitayaandika hapa. Idd mosi aliondoka barazani mapema, rafiki zake walipoanza kuwasha. Mwaka uliofuata alipofiwa na kaka yake alivuta matangani, usiku, na wanaume wenzake. Kisha akaacha tena. Mpaka leo.

Sijui kilichomwachisha ni kifua, nia ya Ramadhani, au uvumilivu wa Mama. Nikimuuliza husema, "Mungu tu."

Nauliza kwa sababu sasa mdogo wangu anataka kuacha, naye yuko Dar es Salaam, siwezi kusimama karibu yake. Nimemwambia akibanwa apige simu saa yoyote. Jana alipiga saa tano usiku. Hakutaja sigara. Aliuliza bei ya mchele huku kwetu, kisha ya maharage, kisha habari za mwalimu mpya wa watoto, na mimi nikamjibu yote kwa kirefu.