Anachouliza mtoto wa kaka yangu

Watu wazima wakisikia kaka yangu amefungwa, huuliza alifanya nini na kapewa miaka mingapi. Mwanawe hajawahi kuniuliza hayo. "Shangazi, baba analala kitandani au chini? Taa zikizimwa, anaogopa?" Hayo ndiyo yake, na nayajibu moja baada ya jingine. Nisilolijua nalo tunalihifadhi hadi siku ya kumtembelea, tukamuulize mwenyewe.

Wapo ndugu waliotaka aambiwe baba amesafiri kikazi. Nilikataa, na wifi yangu akawa upande wangu. Mtoto aliyeambiwa baba kasafiri husubiri simu, husubiri zawadi, mwisho huanza kujiuliza yeye kakosea nini hata baba harudi. Halafu siri ya ukoo mzima haifichiki. Ukweli angekuja kuusikia shuleni kwa kejeli. Tulimwambia: baba alivunja sheria, hakimu kaamua akae gerezani, si kwa sababu yako, na bado anakupenda. Hilo la "si kwa sababu yako" ndilo aliloomba nilirudie.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 9, unampa mtoto aliyetenganishwa na mzazi haki ya kuendelea kuonana na kuwasiliana naye, isipokuwa kama inamdhuru. Nasisitiza hilo la mwisho, maana mtoto aliyeumizwa na mzazi huyo asiburutwe kwenda kumwona eti kwa sababu ni damu yake.

Wetu anataka kwenda. Kabla hatujaondoka namweleza kila hatua: tutapanga foleni, tutapekuliwa, utavua viatu, askari atakagua hata kibanio cha nywele. Kwa hiyo zamu yake ikifika hunyoosha mikono kabla hajaambiwa. (Mimi huwa nageuza uso.) Ndani kuna kioo kati yetu na baba yake. Safari iliyopita alibandika mchoro wake kwenye kioo akaushikilia kwa viganja viwili, na kwa kuwa ulimziba uso, akawa anachungulia pembeni aone kama baba anacheka.

Kesho yake huwa mkorofi. Hali chakula, anajibu ovyo, mwalimu analalamika. Kuna waliosema basi asipelekwe tena. Mimi naona anamlilia baba yake kwa namna anayoiweza, na kumzuia kwenda hakutamwondolea huzuni, kutatuondolea sisi usumbufu tu. Mwalimu wa darasa tulimweleza, baada ya mtoto mwenyewe kukubali. Wengine shuleni haiwahusu.

Kinachoniudhi ni jamaa. Msibani wangejaa uani wakapika na kulala hapo hapo; kwa kifungo hakuna aliyebisha hodi. Shoga yangu mmoja ndiye humchukua Jumamosi akacheze na wanawe, wala hamdodosi chochote. Anayeniuliza asaidieje, namwambia aanze na Jumapili, bado iko wazi.