Jero kwa siku ilivyonijazia stoo

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu ambao hela inaingia leo inaliwa leo, maana mimi mwenyewe nauza vitumbua na mume wangu ni bodaboda, watoto watatu, chumba na sebule huku Mbagala.

Kilichoniamsha ni ile shida ya maji ya mwisho wa 2022, mto Ruvu ulipopungua maji Dar nzima tukaingia kwenye mgao. Mtaani kwetu dumu la lita 20 lilifika buku (shilingi elfu moja), na mimi ndani nilikuwa na madumu mawili tu. Hela ya mtaji wa vitumbua nikawa nanunulia maji, siku ya tano mtaji hamna. Iliniuma sana, nikasema hii hali isinikute tena.

Nikaanza na jero (shilingi 500) kila siku kwenye kibubu, kabla sijanunua kitu chochote. Wiki ni 3,500. Jumamosi nakifungua nanunua kitu kimoja tu, wiki hii kilo ya maharage, ijayo kilo mbili za sembe, nyingine dagaa na chumvi, nyingine dumu tupu lililokuwa la mafuta ya kula (msichukue madumu ya kemikali jamani hata ukiambiwa limeoshwa). Nilipiga hesabu hivi, sisi watano kilo moja ya unga inatosha ugali wa jioni, kwa hiyo wiki mbili ni kilo 14, hapo nikajua naelekea wapi. Na chagueni sembe kwa ajili ya kuweka, dona ni nzuri kwa afya ila inawahi kuchacha kwa sababu ya kile kiini cha mahindi, ina mafuta.

Sasa nilipopata hasara ni kwenye maharage. Nilikusanya kilo sita nikaweka kwenye mfuko wa sandarusi chini ya kitanda, miezi miwili baadaye naufungua nakuta vumbi jeupe, kila punje ina kitundu, yote yamebunguliwa. Nililia, kilo sita ni hela ya wiki sita ile! Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Songea akaniambia, "Mwanangu, maharage yanataka yakauke kweli kweli, halafu uyabane yasipate hewa." Akanionyesha kwa maharage mapya, tukayaanika juani siku mbili, ukitafuna punje inalia ka! ndo imekauka, tukajaza kwenye chupa za maji za lita moja na nusu mpaka shingoni, unagonga gonga chupa chini zishuke unaongeza tena, unakaza kifuniko. Tangu hapo sijaona mdudu. Kila chupa naandika mwezi kwa maka peni, na ya zamani ndo inapikwa kwanza, mpya inakaa nyuma. Maji nayo hivyo hivyo, nayatumia na kujaza upya kila wiki, hayalali mwezi.

Aprili 2024 mvua zikaja zile za kutisha. Siku nne mume wangu hakutoa pikipiki, njia zote maji, na mimi vitumbua nitamuuzia nani. Tulikula ugali, maharage, dagaa, mkaa nilikuwa na nusu gunia ndani mkavu, hatukukopa hata kiberiti dukani kwa Mangi. Jirani yangu aliingiliwa na maji nikampa unga kilo mbili na chupa ya maharage.

Usiku wa tatu mtoto wangu wa mwisho akaanza kuharisha. Kutoka haiwezekani, nikachemsha maji yakapoa, lita moja nikatia sukari vijiko sita vidogo vya usawa na chumvi nusu kijiko kidogo, nikamnywesha kidogo kidogo mpaka kunakucha ndo baba yake akambeba mgongoni kwenda zahanati. Nesi akasema tumefanya vizuri kutomuacha akauke. Kwa hiyo sukari na chumvi mimi siziweki kwa ajili ya chai tu, kuna robo kilo kwenye kopo lake haiguswi na mtu, hata mgeni akija.

Sasa hivi unga umebaki kilo tano maana tulibanwa na ada, ila kibubu hakijasimama, Jumamosi hii nachukua mbili.